Kipupwe Kisitufungie Ndani

Ndugu zangu wa Lusewa, mahindi tumeshavuna, na kipupwe ndicho hiki. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni za umande na baridi, na kila uani pana moto na watu waliojikunyata ndani ya mashuka. Kuota moto si kosa. Ninachoogopa ni mtu kuuota kutwa nzima, tena peke yake.

Tangu mvua za kwanza tulikuwa shambani. Mwili ulizoea kutoka jasho, na usingizi ulikuja bila kuitwa. Sasa jembe limepumzika. Wapo wanaopulizia salfa kwenye mikorosho, lakini hiyo ni kazi ya asubuhi na ina siku zake. Muda uliobaki ni wa kungoja: bei ipande, malipo yatoke, mvua irudi. Katika kungoja huko mtu anapiga hesabu ya deni la pembejeo na mahitaji ya mtoto wa shule mpaka jogoo anawika. Asubuhi hana hamu ya kuinuka, jioni miguu inampeleka kilabuni. Sisi tunasema ni mvivu, au karogwa. Huenda ana sonona, na hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na unaeleza kwamba kuushughulisha mwili hupunguza dalili za wasiwasi na sonona. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha. Ngoma yetu ya lizombe nayo inatosha. Anayebisha aicheze nusu saa kisha tuzungumze.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Tuichukue siku hiyo na kuifanya yetu, bila kungoja fulana wala mgeni rasmi.

Kina mama nitawaomba kitu tofauti. Kazi yao haijui kipupwe: ndoo kichwani, kuni mgongoni. Kumwambia mtu huyo akimbie mchakamchaka ni kumdhihaki. Yeye anahitaji nafasi ya kucheza na kucheka na wenzake, kwa hiyo siku hiyo maji na kuni viwe juu yetu wanaume. Nasi tutakuwa tumefanya mazoezi. Vijana wa bodaboda, mnaokaa kwenye pikipiki tangu alfajiri, ziegesheni mje uwanjani.

Basi tukutane Jumamosi ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi, kwenye kiwanja cha mpira. Mwenye mpira aje nao, hata ukiwa wa makaratasi. Mwenye ngoma aje nayo. Wazee watatembea na kurudi. Kabla ya kufika, kila mmoja wetu apitie nyumba moja ambayo mtu wake hatujamwona siku nyingi, apige hodi, aongozane naye. Akikataa, tusimburute, tukae naye kidogo, na Jumamosi nyingine tumpitie tena. Tukiona hali wala halali, au anazungumzia kufa, tusisubiri Jumamosi: tumpeleke kwa mganga wa kituo cha afya siku hiyohiyo.