Anayeanguka Tena Hajakosa Imani

Hoja kwamba Mkristo anayerudia kutazama ponografia, yaani picha na video zinazotengenezwa ili kuamsha ashiki, hana imani ya kweli, ni potofu na inaumiza. Uraibu, ambao ni hali ya kushindwa kuacha jambo licha ya madhara yake, si kipimo cha imani. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua tatizo la kushindwa kudhibiti mwenendo wa kingono, ingawa linasisitiza kwamba hisia ya hatia peke yake haitoshi kulithibitisha. Ukristo wenyewe unaikanusha hoja hiyo. Kanisa Katoliki hutoa kitubio, yaani sakramenti ya maungamo na maondoleo ya dhambi, kwa kila anayerudi akitubu, na Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawaagiza waamini waungamiane na kuombeana. Kwa hiyo parokia za Sumbawanga, Tanzania, zinapaswa kumpa kijana anayepambana na uraibu huu msikilizaji mtunza siri, sala ya kudumu na, inapohitajika, njia ya kumfikia mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa aibu humfungia mraibu gizani, na gizani ndimo uraibu unamokomaa.