Hesabu Si Wimbo wa Kasuku

Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unaagiza kwamba mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya kwao, hesabu ikiwamo. Kiingereza kishike nafasi yake hatua kwa hatua kuanzia darasa la nne. Kwetu Ayivu, lugha hiyo ni Kilugbara. Lakini pita kando ya baadhi ya shule za Arua, utasikia watoto wa miaka sita wakiimba namba kwa Kiingereza, na mzazi mlangoni akitabasamu kwa fahari.

Fahari ya nini? Mtoto huyohuyo, ukimkalisha sokoni, hung'amua kwamba mafungu matatu ya maembe, kila fungu manne, ni maembe kumi na mawili. Huko ndiko kuzidisha. Ndiyo maana mtaala huanza na mafungu ya vitu: vijiti, mbegu, vizibo vya chupa; kwanza mkononi, kisha ubaoni. Ukimnyima lugha ya kueleza alichokishika, umemwachia sauti tupu.

Watanijibu kwamba mtihani wa darasa la saba huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini mtihani ule hautaki wimbo, wataka ufahamu. Aliyeelewa kwa Kilugbara atabadili maneno tu. Asiyeelewa hana cha kubadili.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kilichotoboka hakijai. Basi, mzazi, usimwulize mwanao anahesabu hadi ngapi. Mpe punje kumi za maharage, uchukue tatu, kisha umwombe akueleze kilichotokea.