Mtoto akisomea nyumbani siku 3, nani anajua kama anaelewa?

Kuna wazazi nchini Kenya ambao mtoto wao haendi shule siku zote 5. Siku 2 yuko kwenye kituo cha masomo na wenzake, siku 3 yuko nyumbani na vitabu, simu na mzazi. Wengine wamesukumwa na karo, wengine na imani yao. Wengine wana mtoto ambaye darasa lenye watoto wengi lilimshinda.

Mjadala wa jambo hili huishia kwenye swali moja: je, mzazi asiye mwalimu anaweza kufundisha? Lakini kuna swali zito zaidi. Nani hasa anajua kama mtoto anasonga mbele?

Pengo liko katikati

Kwenye shule ya kawaida, kosa la Jumatatu mwalimu anaweza kuliona Jumanne. Kwenye mpango wa nusu nyumbani, nusu kituoni, mambo ni tofauti. Kituo kinadhani kazi imeeleweka nyumbani. Nyumbani wanadhani kituo kitarekebisha.

Mtoto ndiye wa kwanza kuligundua pengo hilo. Ananakili majibu yaliyo nyuma ya kitabu, mzazi aliyechoka anaweka sahihi, na kituo kinaona kurasa zimejaa. Kila mtu ameridhika. Ukweli unajitokeza siku ya mtihani, na wakati huo muhula mzima umeshapotea.

Sheria haisaidii sana

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria hiyo inazungumzia shule. Haijaweka njia iliyo wazi ya kusajili mtoto anayesomea nyumbani.

Matokeo yake, familia nyingi za aina hii zinaishi kimyakimya. Na ukiishi kimyakimya, hakuna afisa wa elimu atakayebisha hodi kuuliza mtoto amefika wapi.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Sheria yao ya shule ya 1996 iliruhusu mtoto kusajiliwa kusomea nyumbani, na mabadiliko yaliyotiwa saini Septemba 2024 yakakaza masharti ya usajili na ya kumpima mtoto. Wapo wazazi huko waliopinga wakisema serikali inaingilia nyumba zao. Hoja yao ina uzito. Lakini angalau huko mtoto anajulikana yupo na anapimwa.

Rekodi sasa ni mali

Hata kwa wasiopenda serikali, mtaala wa umilisi umebadilisha hesabu. Kwenye mtihani wa kwanza wa gredi ya 9, KJSEA wa 2025, asilimia 60 ya alama ilitokana na mtihani wenyewe. Asilimia 20 ilitoka kwenye KPSEA ya gredi ya 6 na 20 nyingine kwenye tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8.

Maana yake ni kwamba maendeleo yanakusanywa njiani, sio siku ya mwisho pekee. Mtoto anayetaka kurudi shule ya kawaida bila karatasi yoyote ya kuonyesha alichofanya atakuwa na kibarua kigumu.

Kipimo hakihitaji diploma

Hapa wazazi wengi hujidharau bure. Kwa miaka mingi shirika la Uwezo limepita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda likiwapima watoto kusoma na kuhesabu. Wanaopima ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi. Kipimo chenyewe ni rahisi: herufi, maneno, aya, kisha hadithi fupi yenye maswali. Kilitosha kufichua kwamba watoto wengi walio madarasa ya juu hawawezi kazi ya darasa la 2.

Mzazi anaweza kufanya hivyo hivyo mezani kwake. Mara moja kwa wiki, mpe mtoto ukurasa ambao hajawahi kuuona, asome kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake. Mpe hesabu 3 za wiki iliyopita, kitabu kikiwa kimefungwa. Andika tarehe, alichoweza na kilichomshinda. Daftari hilo liende kituoni na mwalimu aandike jibu lake.

Na usimfanyie kazi. Ukimshikia kalamu, mwalimu atakuwa anakusahihisha wewe, na mtoto ataendelea kubaki nyuma bila mtu kujua.

Muda ndio karo yenyewe

Lakini tuseme ukweli. Mpango huu unadhani kuna mtu mzima nyumbani. Mama mboga anayetoka alfajiri kuwahi Marikiti na kurudi usiku hana hizo siku 3, na sio kwa sababu hampendi mwanawe. Nyumba kama hiyo, siku za masomo hugeuka siku za televisheni.

Kenya ilishaona haya. Shule zilipofungwa Machi 2020, na wengi kurudi Januari 2021, masomo yalihamia redio, televisheni na intaneti. Aliyekuwa na bando na mtu wa kumsimamia aliendelea. Asiyekuwa navyo alikaa tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kiulize kituo mambo 3: mtoto anapimwa kila baada ya muda gani, nani anaona matokeo, na akikwama nani anafanya nini. Kisha jiulize wewe nani atakaa naye siku anazosomea nyumbani. Kama huna jibu la hilo la mwisho, shule ya siku 5 iliyo karibu, hata kama ina watoto wengi, itamfaa mtoto zaidi.