Adabu ya Kutaja Kasoro

Ndugu washairi, nianze kwa kuungama. Nilikuwa hapa Mwanza nikichapa utenzi wangu, na kihakiki tahajia cha programu moja huria kikawa kinapigia mstari mwekundu kila neno lenye ng'. Nikawaandikia watunzaji wake: "Kiswahili chenu kibovu. Rekebisheni!"

Jibu lilikuja kwa upole. Ni neno lipi? Toleo lipi la programu? Ritifaa umeichapa iliyonyooka au iliyopinda? Nilipochungua, nikaona kwamba ng'ombe mwenye ritifaa iliyonyooka alipita salama. Aliyekataliwa ni yule wa ritifaa iliyopinda. Kasoro ilikuwapo kweli, ila malalamiko yangu hayakumwonyesha mtu pa kuishika.

Niliona haya, kwa kuwa katika fani yetu ningemkanya asemaye hivyo. Mtunzi haambiwi "shairi lako bovu", huambiwa "ubeti wa pili, mshororo wa tatu, utao una mizani saba badala ya nane." Hata mwaloni Kirumba, mtumbwi ukivuja, fundi atataka kwanza kujua maji yanaingilia wapi, na kama huingia ukiwa na mzigo au ukiwa mtupu.

Tukumbuke tunaowaandikia. Programu nyingi huria, sawa na Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, husimama kwa watu wanaotoa jioni zao bila ujira. Hawakutuuzia kitu, basi hatuwadai.

Wapo watakaosema kwamba si kila mtumiaji ni fundi. Ni kweli. Lakini haihitaji ufundi kueleza nilifanya nini, nilitarajia nini, nikaona nini. Wala haihitaji ufundi kutazama kwanza kama mwenzetu amekwisha kuitaja kasoro hiyo, au kutaja moja tu kwa kila ujumbe.

Sisi wapenzi wa lugha tuna wajibu zaidi. Mtu aliye mbali, asiyejua Kiswahili, hawezi kukisia kwamba ng' ni sauti moja. Tusipomweleza sisi, atamwuliza nani?

Niliomba radhi, nikaandika upya, nikaambatisha orodha ya maneno thelathini, kila moja kwa ritifaa zote mbili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kutunga ubeti mmoja.