Mama Anayepanga Uzazi Asizungushwe

Nitasema mapema ninalolitaka. Mwanamke aliyekwisha kuamua kupanga uzazi apewe vidonge vya majira katika duka la dawa lililo karibu naye, kwa mkono wa mtoa dawa aliyesomea kazi yake, bila kurudishwa kwa daktari na bila kudaiwa ruhusa ya mume. Tena sindano ya miezi mitatu nayo ifunguliwe njia hiyo hiyo. Nasema hivi nikiitazama mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, kwa maana hapa gharama ya kuzungushwa huonekana kwa macho.

Kupanga uzazi hakukuja na wageni. Bibi zetu huku Nyanda za Juu Kusini walijua kuweka nafasi kati ya mtoto na mtoto kabla zahanati ya kwanza haijajengwa. Mama mwenye mtoto mchanga alitengana na mumewe kwa muda mrefu, na mtoto akidhoofu kwa sababu wazazi hawakusubiri, kijiji kizima kilisema mtoto kabemendwa, na aibu ikawapata wote wawili. Leo mke na mume wanaishi chumba kimoja cha kupanga Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, na desturi ile haina tena nyumba ya kukaa. Haja imebaki ile ile. Kilichobadilika ni njia, na njia ya leo ni dawa.

Sasa tuone tumefika wapi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 walioolewa, 31 ndio waliotumia njia ya kisasa. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umekuta 32. Miaka sita imepita na hatukusogea hata hatua moja. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa hataki kupata mimba kwa sasa, au hataki tena kabisa, lakini hatumii njia yoyote. Jirani zetu wa Songwe, ambao hadi mwaka 2016 walikuwa Mbeya moja na sisi, wamekutwa wakiongoza nchi nzima: kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Nani kati yetu atasoma hesabu hiyo na kulala usingizi?

Wapo watakaosema huduma ipo, tena serikalini ni bure. Ni kweli, na serikali inastahili shukrani. Lakini mchuma chai wa Rungwe au Mufindi analipwa kwa kilo anazochuma. Siku aliyokaa kwenye benchi la kituo cha afya akisubiri, kilo hazipo na fedha haipo. Mwanamke anayepandikiza mpunga Mbarali hawezi kuiambia mvua isubiri. Anayetoka milima ya Kilolo wakati wa masika atalipa bodaboda kwenda na kurudi, na akifika huenda akaambiwa mhusika yuko kwenye semina, rudi wiki ijayo. Hiyo dawa ya bure imekwisha kumgharimu kuliko ya kununua. Wengi hawarudi, na mimba haingojei ratiba ya kliniki.

Lakini karibu na nyumba yake lipo duka la dawa muhimu. Maduka haya hayakuzuka kama uyoga. Yalianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, serikali ilipoona kuwa maduka ya dawa baridi ndiyo yanayowahudumia watu wa vijijini, na kwamba ni heri kuyafundisha na kuyakagua kuliko kuyalaani. Watoa dawa wakapewa mafunzo, maduka yakapewa orodha ya dawa zinazoruhusiwa, mpango ukaenea nchi nzima, na leo msimamizi wake ni Baraza la Famasi. Vidonge vya majira vimo katika orodha hiyo. Basi mlango uko wazi kwa kanuni, ila umerudishiwa kwa mazoea. Mtoa dawa mmoja anadai karatasi ya daktari. Mwingine anauliza, "Mumeo anajua?" Wa tatu anamtazama binti kuanzia juu hadi chini, kisha anasema vimekwisha. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetumwa na mwongozo wa wizara kufanya hivyo.

Je, ni salama kumpa mwanamke vidonge bila daktari? Swali hili ni la haki, nalo linataka jibu kamili. Vidonge vya majira havihitaji kupimwa tumbo wala damu. Vinahitaji maswali na kipimo cha presha. Una presha ya kupanda? Umewahi kuganda damu mguuni au kupooza? Unaumwa kichwa kikali kinachoanza kwa macho kuona vimulimuli? Una umri wa miaka 35 au zaidi na unavuta sigara? Unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita? Huyu hapewi vidonge vyenye vichocheo viwili, bali vile vya kichocheo kimoja. Unatumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, au dawa za kifafa? Baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge. Maswali haya yanaenea kwenye karatasi moja, na mtu aliyefundishwa anaweza kuyauliza vizuri. Akipata jibu la hatari, ndipo amwelekeze mama kituoni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri vidonge hivi vipatikane bila cheti cha daktari. Uingereza iliruhusu vya kichocheo kimoja viuzwe hivyo mwaka 2021. Marekani, yenye madaktari wengi kutushinda mara nyingi, ilifuata mwaka 2023. Ikiwa wenye madaktari wengi wameona hakuna haja ya kumpitisha mwanamke kwa daktari, sisi wenye wachache tunamhifadhia nani foleni hiyo?

Tena kuna dawa ya dharura, hiyo ambayo vijana huiita P2. Hufanya kazi ikimezwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Jambo likitokea Ijumaa usiku, foleni ya Jumatatu ni kejeli. Hapa mtoa dawa ana kazi mbili: kuitoa bila kuchelewesha, na kumwambia binti kuwa hiyo si ya kumeza kila wiki, kisha amwonyeshe njia anayoweza kuendelea nayo.

Nije kwenye sindano, ambayo wanawake wengi huipenda kwa kuwa haihitaji kukumbukwa kila siku na haionekani kabatini. Kuchoma sindano si kazi ya duka la dawa muhimu, na zamani palikuwa na sababu. Lakini sasa ipo sindano ndogo ya chini ya ngozi, iliyofungwa tayari na dawa yake, ambayo mwanamke akifundishwa anajichoma mwenyewe. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ukitoka Kyela unavuka mto Songwe, uko Malawi. Huko, utafiti uliofanyika wilaya ya Mangochi na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kuwa kati ya wanawake waliojichoma wenyewe, 73 katika kila 100 walikuwa bado wanaendelea baada ya mwaka mmoja. Kati ya waliochomwa na wahudumu, ni 45 tu. Wanawake wa Malawi hawakuzaliwa na mikono tofauti na ya wetu. Nawasihi Wizara ya Afya na Baraza la Famasi: wafundisheni watoa dawa wetu sindano hii, anzeni na wilaya chache, pimeni matokeo, kisha panueni.

Wapo wasemao tutawafungulia vijana uzinzi. Ndugu zangu, wale wasichana 45 katika kila 100 wa Songwe hawakungoja dirisha la dawa lifunguliwe. Kufunga dirisha la dawa hakujawahi kumfunga kijana. Kunamwachia mimba tu, au kumpeleka kwa mtoa mimba wa vichochoroni anayeweza kumuua. Wazazi na viongozi wa dini wana kazi yao ya kufundisha maadili, na waifanye kwa nguvu zote. Makanisa yanayofundisha njia za asili yana haki ya kufundisha waumini wao. Lakini mwanamke mzima akishasikiliza mafundisho na kuamua kwa dhamiri yake, mwenye duka hana mamlaka ya kumgeuzia uso.

Wengine husema taifa linahitaji watu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, alipouelezea Mpango wa Pili wa Maendeleo, alitukumbusha kwamba kuzaa tunashirikiana na wanyama, ila kulea mtoto kwa miaka mingi, kumtunza na kumsomesha, ni dhamana aliyopewa binadamu. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61. Watu tunao; tunachodaiwa ni malezi.

Basi kila mmoja ashike fungu lake. Mtoa dawa, weka mashine ya presha juu ya meza, uliza maswali kwa sauti ya chini, tunza siri, na usiuze dawa iliyopita muda wake. Mwambie kila mteja kwamba vidonge na sindano havizuii UKIMWI. Utafiti wa 2022/23 umekuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.1 kwa watu wazima wa Iringa na 9.6 kwa wa Mbeya, hali wastani wa taifa ni 4.4; kwa hiyo kondomu iandamane na kila pakiti. Muuguzi wa zahanati, usimwone mtoa dawa kuwa mshindani. Vijiti, vitanzi na kufunga kizazi vitabaki kwako, naye atakuletea wanaovihitaji. Mkaguzi, adhibu wadanganyifu, usiadhibu huduma. Mume, mpeleke mkeo dukani wewe mwenyewe, au mpe nauli na umwache aende kwa amani.

Na wewe dada unayesoma haya: ukiambiwa lete karatasi ya daktari, uliza kwa heshima ni kanuni gani inayosema hivyo. Ukikosa jibu, nenda duka la pili, kisha toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya. Haki isiyodaiwa huota kutu, na hii ni haki yako.