Ua Ulioinama na Sitara ya Nyumba



Ua wa nyumba si pambo tu. Nyuma yake mama hupika na kufua, mabinti hukaa bila ya mtandio, na wageni wa kike hupumzika. Suratin-Nuur, aya ya 27, imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Basi jicho nalo lina hodi yake. Ua wa miti unapoinama na kufanya mianya, huondoka sitara ya nyumba mbili: yetu na ya jirani.

Wengi wakiona mwanya hukimbilia kuchomeka miche mipya. Kazi hiyo hupotea bure ikiwa ardhi haijashika. Khasa penye mteremko, maji ya masika hufukua mizizi, na ua mrefu uliojaa majani juu husukumwa na upepo hata ukalala.

Kwanza, mwendeeni jirani mzungumze. Mpaka ni wa watu wawili, na alama zake hazisogezwi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya kudhulumu ardhi, japo kiasi cha shubiri moja.

Pili, isitirini nyumba leo. Simikeni nguzo imara upande wenu, fungeni fito, kisha makuti ya kumba. Sitara haingojei miti ikue.

Tatu, itengenezeni ardhi. Chimbeni mfereji mdogo upande wa juu wa ua, uyachukue maji bila ya kuyamwaga kwa jirani. Kando yake pandeni mchaichai, mizizi yake ishike udongo. Ifukieni mizizi ya miti iliyo wazi na mshindilie. Kisha punguzeni urefu wa miti; ua uwe mpana chini na mwembamba juu, jua lifike matawi ya chini.

Nne, mvua zikianza, zibeni mianya kwa vipande vya matawi ya mbono kaburi au minyaa, ambavyo hushika upesi. Lakini waonyeni watoto: mbegu za mbono kaburi ni sumu, na utomvu wa mnyaa hudhuru macho.

Enyi vijana, kazi hii ni yenu, msiwaachie wazee. Na mpaka ua utakapofunga, inamisheni macho mpitapo penye mwanya wa jirani, kama mpendavyo naye ainamishe yake.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na majirani zetu. Amin.