Tutembee Duniani: Siku ya Jua Kali Mjini Manila

Wasomaji wapenzi, leo nawaomba tufunge safari ya mbali, twende pamoja Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 7,000, na wakaaji wake walio wengi ni Wakatoliki kama sisi. Chukueni kofia na maji ya kunywa, kwani tunafika mwezi wa Aprili, wakati wa joto kali.

Saa mbili ya asubuhi shati langu lilikuwa limekwisha kulowa jasho. Nilianzia katika mji wa kale uitwao Intramuros, maana yake «ndani ya kuta». Wahispania waliufanya makao yao mwaka 1571, kisha wakauzungushia kuta nene za mawe. Penye mto Pasig iko ngome ya Santiago. Humo alifungwa José Rizal, daktari na mwandishi wa vitabu aliyewafumbua macho wananchi wake. Tarehe 30 Desemba 1896 alitolewa, akaenda kwa miguu mpaka uwanja ulio nje ya kuta, akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 35. Nyayo za shaba zimetiwa njiani kuonyesha hatua zake za mwisho. Nikazifuata moja moja, na nikaona haya kulinung'unikia jua.

Saa sita ya mchana nilikimbilia kivuli cha kanisa la San Agustin. Kuta zake ni nene, na ndani kuna ubaridi mtulivu. Makanisa ya kwanza mahali hapo yaliteketea kwa moto; hili la mawe lilimalizika mwaka 1607. Ukiinua macho, utadhani dari imechongwa maua ya mawe. Kumbe ni rangi tu, kazi ya wachoraji wawili Waitalia. Lakini kuna jambo la kustaajabisha zaidi. Mwezi wa Februari 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana vikali mjini humo, na raia wapatao 100,000 wakapoteza maisha. Katika makanisa saba ya Intramuros, hili peke yake lilibaki limesimama.

Nilipotoka nilimwona mama mzee ameketi mlangoni. Kijana mmoja alimwendea, akainama, akautwaa mkono wa yule mama na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe. Ndivyo watoto wa nchi ile wanavyowaamkia wazee. Nikasema moyoni: hapa si ugenini sana.

Alasiri nilivuka mto kwa gari liitwalo jeepney. Magari ya kwanza ya namna hiyo yalitengenezwa kwa jeep zilizoachwa na askari wa Kimarekani baada ya vita. Abiria wa nyuma humpa jirani nauli, jirani humpa mwenzake, mpaka imfikie dereva. Na chenji hurudi kwa njia iyo hiyo. Nikashuka Binondo, mtaa wa Wachina.

Katika mtaa huo alizaliwa Lorenzo Ruiz. Baba yake alikuwa Mchina, mama yake Mfilipino. Alitumikia Misa utotoni, akawa mwandishi wa hati, akaoa, akapata watoto watatu. Mwaka 1636 alishtakiwa kuwa ameua mtu. Akaondoka katika merikebu pamoja na mapadri Wadominiko, akafika Japani, ambako Wakristu walikuwa wakiteswa. Huko alikamatwa. Mwanzoni aliogopa, akauliza kama angeachiwa hai endapo angeikana imani. Msimlaumu, enyi akina baba: alikuwa na mke na watoto waliomngojea nyumbani. Lakini Mungu alimtia nguvu, akaikiri imani yake mpaka mwisho. Alikufa Nagasaki mwaka 1637, akiwa amening'inizwa kichwa chini.

Jua lilipokuwa likizama nilirudi kwenye uwanja ule alikouawa Rizal. Leo ni bustani kubwa karibu na bahari. Jamaa nzima nzima zilikuwa zimeketi majanini, watoto wakikimbizana. Hapo hapo, tarehe 18 Februari 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Lorenzo kuwa Mwenyeheri. Na mwaka 1987 akamtangaza kuwa Mtakatifu, wa kwanza wa nchi yake.

Papa huyo huyo alifika Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, akamtangaza dada yetu Anuarite kuwa Mwenyeheri. Basi, wazazi, jioni ya leo waulizeni watoto wenu: Anuarite ni nani? Alikufa wapi, na kwa nini? Wakinyamaza, msiwagombeze. Wafilipino walitia nyayo za shaba njiani ili watoto wao wasisahau. Ninyi waketisheni watoto karibu nanyi, mkawasimulie.